Moshi wa Jumamosi

Kilima cha Ikongwe kina nyumba thelathini na moja. Thelathini zilikuwa zimekwisha kukubali Jiwe. Iliyobaki ilikuwa ya Bibi Nambike, na kama kwa makusudi, ndiyo iliyojengwa juu kuliko zote, moshi wake ukizishukia nyingine kila asubuhi na kuzipofusha.

Sisemi kupofusha kwa kupamba maneno. Jiwe hula jua kupitia ngozi, ule utando mweusi mwembamba tunaoutandaza juu ya bati, na ngozi haina adui kama masizi. Mchana kutwa Jiwe linajaa joto, limekaa katikati ya nyumba, ukubwa wake kama madebe mawili yaliyoshikana. Jioni linalitoa polepole kwenye chungu, kwenye maji ya kuoga, mpaka chini ya godoro. Likiwa na ziada, linaisukuma kwa jirani aliyepungukiwa kupitia bomba lililofukiwa ardhini. Ndiyo maana hatufungi nyumba moja moja, tunafunga kilima. Misitu ya juu ilikuwa imezungushiwa waya, kuni zilikuwa zinaokotwa kwa kuibia, na Wakala wa Joto ulikuwa umenipa mimi, fundi wake, hadi Jumatatu. Ama kilima chote, ama ngozi zibanduliwe zipelekwe kwa watu wengine.

Naitwa Somoe. Kwetu ni Lindi, ambako mtu akitaka joto anatoka nje tu. Milima hii ya Upare ilinipokea na baridi yake, na Bibi Nambike akanipokea na sababu zake.

Alikuwa na miaka sabini na minne, mjane, mwembamba, mwenye macho ya kumkagua mtu mpaka kwenye visigino. Sababu yake ya kwanza ilikuwa mbegu. Mahindi ya mbegu yanatundikwa juu ya moshi yasiliwe na wadudu. Moshi ukikatika atapanda nini? Nikamletea pipa lisilopitisha hewa. Alilifungua baada ya mwezi, akatafuta mdudu kwa bidii kubwa, akamkosa, akakasirika. Sababu ya pili ilikuwa maharage. Jiwe, alisema, haliyajui maharage ya mlimani. Nikabeba Jiwe dogo la majaribio kwenye mkokoteni, nikayapika mbele yake. Alikula sahani mbili.

“Chumvi imezidi,” akasema.

“Chumvi niliweka mimi, bibi. Si Jiwe.”

“Basi nyote wawili mna kasoro.”

Nilimpenda. Niseme mapema, maana kuna mahali mbele huko utanidhania vingine. Lakini kufikia mara ya tano kupanda kile kilima nilitamani kukaa chini nilie.

Sababu ya tatu ilikuwa ya kweli. “Hilo dude linahesabu watu,” alisema. “Nimeambiwa linajua nani kalala na nani hakulala.”

Sikumficha. Ili kugawa joto, Jiwe lazima lijue wanaoishi ndani: wangapi, wanaoga saa ngapi, wanapika mara ngapi, kitanda kipi kina mtu. Yote hayo yanakuja kwenye kishikwambi cha fundi. Ndiyo maana kila fundi wa Jiwe anakula kiapo kabla ya kupewa leseni: ya nyumba hubaki nyumbani. Aliyetoka na neno la nyumba moja akalipeleka nyumba nyingine hana kazi tena.

“Na ukiona mtu anaumwa?” akauliza.

“Yanabaki nyumbani, bibi. Labda mwenyewe aniruhusu.”

“Kiapo cha ajabu hicho,” akasema, akaenda kuchochea kuni zake.

*

Alhamisi nilipanda mapema kuliko kawaida yangu, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa vilele. Nilimkuta uani amejifunika blanketi, amesimama ukingoni, anatazama ng’ambo ya bonde. Sikumwita. Kule kilima cha Makasa, kwenye nyumba ya peke yake pembeni, uzi wa moshi ulikuwa unapanda. Bibi Nambike aliutazama mpaka ukarefuka vya kutosha. Kisha akaingia jikoni, akatupia majani mabichi motoni, na moshi wake ukatoka kwa fujo juu ya paa. Akarudi tena ukingoni, akakaa pale kidogo, anatabasamu.

Hapo nikaelewa mbegu, nikaelewa maharage. Na nyumba ile ya ng’ambo niliifahamu vizuri.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umeanza kunivizia sasa?” Lakini hakuwa na hasira. Akanionyesha kwa kidevu. “Yule ni dada yangu. Nakijwa. Amenizidi miaka mitano.”

“Mnatembeleana?”

“Hatusemezani. Mwaka wa kumi na moja huu.”

Alinieleza akiwa amesimama vilevile. Nakijwa ni Msabato, kama mama yao na baba yao. Nambike aliolewa kwa Walutheri, akasali na mumewe. Mama yao alipofariki, watoto na wajukuu walitoka mbali, na siku pekee iliyowakusanya wote kaburini ilikuwa Jumamosi. Nambike akakubali. Nakijwa akasema mama hawezi kuzikwa siku ya Sabato, na kwamba yeye hatakanyaga. Hakukanyaga. Mama yao alishushwa kaburini mtoto wake wa kwanza akiwa amejifungia ndani, na kutoka siku hiyo dada hao wakafuta namba za simu na kuacha kutamkiana majina.

“Ila moshi tunapeana,” akasema. “Hatukupatana, imetokea tu. Nikiona wake najua ameamka. Akiona wangu anajua nimeamka. Siku asipouona atajua nimekufa, na huenda hiyo ndiyo siku atakuja.” Akanigeukia. “Sasa wewe mwanangu unataka unizimie nikiwa hai.”

Nilikuwa na jibu, ila halikuwa langu kulitoa.

*

Bibi Nakijwa alikuwa wa kwanza Makasa kukubali Jiwe, miezi mitatu nyuma, kwa sababu miguu yake ilikuwa imegoma kufuata kuni. Jiko lake nililifunga mwenyewe kwa saruji. Baada ya hapo nilimwona mara kadhaa akichoma majani nyuma ya nyumba alfajiri, nikanyamaza, maana moshi wa upande ule unashukia bondeni kusiko na paa la mtu. Nilidhani ni mazoea ya uzee.

Wiki tatu zilizopita aliniita. Hakuweza tena kutoka kitandani. Daktari wa zahanati alikuwa amepita, akasema kilichobaki ni kumweka mahali pa joto na kumpa anachotaka.

“Fundi,” akaniambia, “mashine yako inajua kupika. Inajua kutoa moshi?”

“Hapana, bibi. Hiyo ndiyo sifa yake.”

“Basi nitengenezee inayojua.”

Akanieleza juu ya mdogo wake. Nikamuuliza kwa nini asimwite tu. Akanitazama kwa macho yaleyale ya kukagua visigino.

“Miaka kumi na moja hakuja kuzungumza na mimi. Sitaki aje kunililia. Akiukosa moshi atajua, na akijua atakuja kwa huruma. Ulikula kiapo au hukula?”

“Nilikula, bibi.”

Nikamtengenezea kifukizo. Kopo la maranda yaliyoloweshwa, waya wa joto chini yake, na saa ndogo ya kuuwasha. Nikakiweka nyuma ya nyumba, nikaipanga saa: kila siku, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mama Elieshi, jirani anayemwangalia mgonjwa, alidhani ni pumzi ya Jiwe, na mimi sikumsahihisha. Nilijisifu kwa kazi ile. Niliona nimemfanyia mtu wema.

Wema huo ndio nilioutazama Alhamisi ukipanda juu ya Makasa huku Bibi Nambike akiutabasamia.

Na kishikwambi kiliendelea kuniletea habari. Wiki ya kwanza chungu cha Nakijwa kilipasha uji mara mbili kwa siku. Wiki ya pili, maji tu. Wiki ya tatu kitanda hakikupoa mchana wala usiku. Ijumaa jioni kikaniandikia kwa ufupi wake usio na adabu: matumizi ya chungu, sifuri.

*

Jumamosi asubuhi nilipanda Ikongwe na kifukizo cha pili mgongoni. Nacheka kwa uchungu nikikumbuka. Nilikuwa nimepata jibu la kifundi. Bibi Nambike atafungiwa jiko, atapewa kopo lake la moshi, litatoa dakika kumi tu kwa siku, masizi kidogo ambayo ngozi zingeweza kuyavumilia. Kilima kitakamilika kabla ya Jumatatu, na yeye hatapoteza kitu. Wazo kwamba makopo mawili yatakuwa yanasalimiana juu ya bonde huku mwenye kopo moja anakata roho nilikuwa nimelisukuma nyuma ya kichwa, nikalikalia.

Nilimkuta kwenye furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Alikuwa amejifunga kanga mpya.

“Hebu kawashe hako,” akasema nilipokwisha kumweleza. Nikakawasha. Kakafuka. Akacheka mpaka akashika ubavu. “Haya mambo! Moshi bila moto.” Kisha akanishika mkono, akanivuta ukingoni. “Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Leo ni siku gani?”

“Jumamosi.”

“Tazama kule.”

Uzi wa moshi ulikuwa unapanda Makasa, umenyooka, kwa saa yake.

“Dada yangu hajawasha moto siku ya Sabato tangu nizaliwe,” akasema. “Chakula anapika Ijumaa kabla jua halijazama. Hata chai anaitia kwenye chupa. Kwa ajili ya siku hii alimkosa mama kaburini. Sasa hii ni Jumamosi ya tatu anawasha, mwanangu. Anawasha mahali ninapomwona.” Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakuyafuta. “Nakijwa hajui kusema samahani kwa mdomo, hajawahi kujua. Amesema hivi. Amevunja Sabato yake ili anisalimie.”

Kila siku. Nilikuwa nimeandika kila siku. Kwetu siku ya ibada ndiyo siku ya kupika zaidi ya siku zote, Ijumaa pilau inanukia mtaa mzima. Haikunipitia hata akilini kwamba kuna nyumba ambayo siku moja katika saba haitoi moshi, na kwamba kuna mtu ng’ambo anayehesabu.

“Jumamosi ijayo nitavuka,” Bibi Nambike akaendelea. “Nianue maharage kwanza, nisuke na nywele. Nisimwendee dada yangu nikiwa ovyo.”

Jumamosi ijayo. Nikaiona ile sifuri kwenye kishikwambi.

Nilifikiri kwa haraka, na kwa aibu, maana kila njia niliyoiona ilikuwa na mtu wa kuumia. Nikinyamaza, atabaki na msamaha wake, asuke nywele, avuke wiki ijayo akute msiba. Nikisema, nimevunja kiapo, nimemsaliti mgonjwa aliyeniamini, na nimemnyang’anya mwanamke huyu furaha aliyoingojea miaka kumi na moja. Na huenda kwa uchungu asivuke kabisa. Kulikuwa na njia ya kati, ya woga, na ndiyo niliyoijaribu kwanza.

“Bibi, twende leo. Nina pikipiki, kwa barabara ya kuzunguka ni dakika arobaini.”

“Kwa nini leo?”

Ningeweza kusema mvua inakuja. Angenisadiki. Angefika kule, angemshukuru dada yake kwa moshi wa Jumamosi, na Nakijwa, ambaye hata kwa mama yake mzazi hakupindisha neno, angemjibu hajui anachosema. Angeyasikia pale, mbele ya kitanda. Hapana. Kama ni kuumia, aumie hapa kwanza, mimi nikiwepo wa kutukanwa.

Kifukizo kilikuwa bado kinafuka miguuni petu. Bibi Nambike alikitazama, akatazama ng’ambo, akakitazama tena. Tabasamu lilianza kumtoka.

“Ule si wake,” nikasema. “Ni wangu. Nilimtengenezea kama huu. Yuko kitandani wiki ya tatu, bibi, hawezi kuinuka, na aliniapisha nisikwambie. Ya Jumamosi ni makosa yangu mimi. Sikujua kwamba Sabato hawashi. Yeye mwenyewe hajui kwamba umewaka.”

Kwa maneno hayo nilipoteza leseni yangu. Jumatatu nilijipeleka mwenyewe ofisini nikawaeleza. Sijutii. Lakini wakati ule sikuwa nawaza leseni. Nilikuwa natazama uso wa mzee.

Alikaa kizingitini. Alikunja pembe ya kanga, akaikunjua.

“Kwa hiyo hakusema kitu,” akasema.

“Hakusema.”

“Hata Jumamosi moja.”

“Hata moja, bibi. Nisamehe.”

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake aliinuka, akaingia jikoni, na nikasikia maji yakimwagwa juu ya makaa, na mlio wake mrefu. Alitoka na jivu kwenye mikono.

“Saruji utaweka tukirudi,” akasema. “Moshi wangu hakuna anayeutazama.”

Nilitaka kumshika, nikaogopa. Alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo, anafunga dirisha.

“Kuna chungu mezani,” akasema bila kunitazama. “Kifunike vizuri, ukibebe. Hizo njia zenu za pikipiki ni za mashimo.”

*

Makasa ilikuwa kimya, watu wote wako kanisani, wimbo wao unasikika kwa mbali. Mama Elieshi alitufungulia, akamwona niliyekuja naye, akajitoa mlangoni.

Chumbani kulikuwa na joto zuri. Jiwe lilikuwa linafanya kazi yake. Bibi Nakijwa alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyomwacha, mikono juu ya blanketi. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa yaleyale.

Bibi Nambike alisimama katikati ya chumba.

“Shikamoo, dada.”

Macho ya mgonjwa yalimkagua mpaka kwenye visigino.

“Marahaba,” Nakijwa akasema. Kisha macho yakaja kwangu. “Umemwambia.”

“Nimemwambia, bibi.”

“Kiapo chako hakina uzito.”

“Usimgombeze,” Nambike akasema. “Moshi wako ulipanda Sabato. Mara tatu. Mimi mwenyewe nilikuwa njiani kuja, tofauti ni siku tu.”

Uso wa mgonjwa ulibadilika. Alijaribu kujiinua, akashindwa, na nilimwona akihesabu zile Jumamosi, moto uliowaka ndani ya uwanja wake akiwa hajiwezi. Nilitamani ardhi inimeze. Sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka.

“Sikuuwasha, Nambike. Sitaki ukae na jambo ambalo silo. Hata ningekuwa na nguvu nisingeuwasha. Ule haukuwa wangu.”

“Najua,” Nambike akasema. “Nimekuja hivyo hivyo.”

Nakijwa akageuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo, na sikujua kama ni kilio au pumzi. Bibi Nambike alivua viatu vyake vyenye tope, akaviweka mlangoni, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, palipokuwa na nafasi ndogo. Baada ya kitambo mgonjwa akajivuta kidogo, nafasi ikaongezeka.

“Miguu yako ina baridi,” akauambia ukuta.

“Imetoka mbali.”

“Unakula huko kwako? Umekwisha mwili.”

“Nakula. Wewe ndiye huli.”

“Nani kakwambia?” Kisha akakumbuka ni nani, akanitupia jicho. Nikainamisha kichwa. “Ningekula kama kungekuwa na cha maana. Nilikuwa naletewa uji mchana kutwa kama mtoto, nikaukataa.”

Bibi Nambike akaninyooshea mkono, nikampa chungu. Akafunua. Yalikuwa makande, mahindi na maharage yaliyoiva mpaka yakashikana, yamepoa na kuganda kwa juu. Nikaona nafasi yangu ya kufaa kitu asubuhi ile. Sahani ya Jiwe ya kupashia chakula ilikuwa pale pale ukutani, imejaa joto la jana. Nikapeleka mkono kuiwasha.

“Acha!” wakasema wote wawili, kwa mara moja na kwa sauti ileile.

Nikarudisha mkono. Walitazamana. Nadhani lilikuwa neno la kwanza kulisema pamoja tangu mama yao akiwa hai.

Nakijwa alikitazama chungu, akamtazama mdogo wake, Mlutheri, mke wa Mlutheri, mwenye jivu mikononi.

“Umepika lini?” akauliza.

“Jana,” Nambike akasema. “Jua lilikuwa bado juu.”

Alichota kijiko cha makande baridi, akakipulizia kwa mazoea tu, akakisogeza. Dada yake akafungua kinywa.